Hesabu ndiyo nguzo ya sweta nyepesi ya kroshia yenye shingo ya V

WAKENYA wengi huijua sweta ya shingo ya V tangu darasa la kwanza. Ndiyo sweta ya shule: samawati, maruni au kijani, mistari miwili mitatu ya rangi nyingine shingoni, na viwiko ambavyo hutoboka kabla ya muhula wa tatu kumalizika. Sweta hiyo hufumwa kwa mashine, aghalabu kwa uzi wa akriliki, na hunyumbulika kiasi kwamba mtoto huendelea kuivaa hata baada ya kurefuka kuliko ilivyokusudiwa.

Sweta ya kroshia ya mwanamke, hata ikiwa na shingo ya umbo lilo hilo, ni vazi la tabia nyingine kabisa. Hufumwa kwa mkono, hainyumbuliki sana, tena huwa nzito kuliko mfumaji alivyotarajia. Hilo la uzito ndilo huwavunja moyo wengi. Mwanamke hununua uzi kwa pesa za akiba, hutumia jioni zake za majuma matatu, na mwishowe hujipata na vazi zito mithili ya blanketi, shingo imeangukia begani, na pindo limeshuka hadi mapajani baada ya kufuliwa mara mbili. Uzi ukishafumwa, duka halirejeshi pesa. Na anayefuma kwa ajili ya kuuza huwa amepoteza mteja pia.

Kasoro hizo zote huweza kuepukwa kabla ya mshono wa kwanza wa sweta yenyewe kufumwa. Makala haya yanaeleza jinsi sweta moja ya aina hiyo inavyotengenezwa, kuanzia uteuzi wa uzi hadi uanikaji, kwa vipimo vya mwanamke mwenye kifua cha sentimita 92, yaani takriban inchi 36. Mwenye umbo kubwa au dogo zaidi atabadilisha tarakimu, lakini njia ya kukokotoa ni ile ile.

Sindano moja, kitanzi kimoja

Neno kroshia limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kulabu ndogo, na kulabu hiyo ndiyo iliyo kwenye ncha ya sindano inayotumiwa. Anayefuma kwa sindano mbili huwa ameshikilia safu nzima ya vitanzi kwa wakati mmoja. Wa kroshia hushikilia kitanzi kimoja tu. Ndiyo maana kazi ya kroshia inaweza kutiwa mkobani matatu inapofika kituoni na kuendelezwa baadaye bila hofu: kitanzi kikichomoka, ni mshono mmoja unaofumuka.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Kila mshono wa kroshia ni uzi uliozungushwa na kufungwa juu ya mwingine, kwa hiyo kitambaa chake huwa kinene, hunyumbulika kidogo, na kwa kawaida hula uzi mwingi kuliko cha sindano mbili chenye ukubwa sawa. Ni kitambaa kifaacho sana kwa mkoba, kwa kofia, na kwa vile vitambaa vya makochi ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa pambo la sebule nyingi za Kenya. Kwa vazi la kukaa mwilini, unene huo lazima upunguzwe kwa makusudi.

Ufundi huu ulienea Ulaya katika karne ya 19. Nchini Ireland, wakati wa njaa kuu iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi kati ya 1845 na 1852, wanawake na wasichana walifuma lesi za kroshia na kuziuza ili familia zao zipate chakula. Kroshia, basi, haikuwa burudani ya wenye nafasi pekee. Mapema sana ilikuwa njia ya kutafuta riziki. Humu nchini nako kazi za mikono za aina hii zilipitia katika shule za misheni na vikundi vya wanawake, vikiwemo vile vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoundwa mwaka wa 1952 na ambalo vilabu vyake vilifunza mapishi, ushonaji na malezi.

Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba hadi leo viwanda havitumii mashine kufuma kroshia halisi. Vitambaa vingi vinavyofanana nayo madukani hufumwa na mashine kwa mbinu nyingine na kuiga sura yake tu. Sweta ya kroshia ya kweli, iwe imetoka mtaa wa jirani au ng'ambo, ilipitia mikononi mwa mtu, mshono baada ya mshono.

Uzi ndio uzito

Wepesi wa sweta huamuliwa dukani. Mfumaji asiye na uzoefu huvutiwa na uzi mnene kwa sababu kazi huenda haraka. Uzi huo ufaao ni wa sweta za Limuru na Nyahururu mwezi wa Julai. Kwa sweta ambayo mtu ataivaa Nairobi asubuhi yenye ubaridi na asiivue jua la saa saba likichoma, au ambayo karani wa Mombasa ataitundika kwenye kiti chake ofisini kwa ajili ya kiyoyozi, unahitajika uzi mwembamba wa plai nne.

Hata hivyo, neno plai pekee halitoshi, kwani huhesabu nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja wala halisemi kila moja ni nene kiasi gani. Kipimo cha kuaminika zaidi ni urefu kwa uzani, ambao huandikwa kwenye lebo. Uzi wa pamba wenye meta 160 hadi 180 katika kila gramu 50 unafaa kazi hii. Ule wenye meta 115 au 120 kwa gramu hizo hizo ni mnene, na sweta yake itakuwa nzito.

Aina ya uzi nayo ina uzito wake. Pamba hupitisha hewa na haiwashi ngozi, lakini ni nzito, na ikilowa maji huzidi kuvutika kuelekea chini. Akriliki ni nyepesi kuliko pamba kwa unene ule ule, ni ya bei nafuu na haisumbui katika kufua, ila haifyonzi jasho, na moto wa pasi huiharibu kabisa. Sufu ni nyepesi na yenye joto, lakini si kila ngozi inayoistahimili, na isipofuliwa kwa uangalifu hunywea. Kwa sweta hii, mchanganyiko wa pamba na akriliki ndio chaguo la busara. Pamba tupu iachiwe mfumaji aliye tayari kuianika jinsi itakavyoelezwa baadaye.

Uzi wote ununuliwe siku moja. Lebo huwa na nambari ya kundi la rangi, yaani uzi uliotiwa rangi katika chungu kimoja. Nyeupe ya kundi moja na nyeupe ya kundi jingine huonekana sawa chini ya taa ya duka. Zikikutanishwa kifuani mwa mtu mchana wa jua, tofauti hujitokeza wazi. Kibonge kimoja cha ziada si hasara.

Kuhusu sindano, lebo nyingi za uzi wa plai nne hupendekeza ya milimita 3 au 3.5. Hapa itumike ya milimita 4. Sindano pana kidogo hulegeza mishono, kitambaa kikalainika na kuteleza mwilini badala ya kusimama kama karatasi. Ile ya milimita 3.5 iwekwe kando kwa ajili ya mapindo.

Mishono mitatu

Sweta nzima hutumia mishono michache ambayo mwanafunzi wa juma moja anaweza kuimudu. Mnyororo hufumwa kwa kuzungusha uzi kwenye sindano na kuuvuta ndani ya kitanzi. Kwa mshono mfupi, sindano hupenyezwa chini ya kichwa cha mshono wa mstari uliotangulia, uzi huvutwa hadi kuwe na vitanzi viwili juu ya sindano, kisha uzi hupitishwa ndani ya vyote viwili kwa pamoja. Mshono mrefu hutangulizwa na kuuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuipenyeza; uzi ukivutwa, vitanzi huwa vitatu; uzi hupitishwa ndani ya viwili vya kwanza, halafu ndani ya viwili vilivyosalia. Aidha, kuna mshono wa kuunganisha, ambao ni mfupi kuliko yote: uzi huvutwa moja kwa moja ndani ya mshono na ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano.

Wanaofuata maelezo ya Kiingereza wajihadhari hapa. Mshono mrefu uliotajwa huitwa trebo na Waingereza, lakini Wamarekani huuita dabo kroshia. Nao Waingereza hutumia jina hilo la dabo kroshia kwa mshono mfupi. Aliyefunzwa kwa istilahi za Uingereza, kama ilivyo kwa wengi nchini, akifuata maelezo ya Kimarekani bila kujua, atafuma kitambaa kizito chenye nusu ya urefu unaotakiwa, na atamaliza uzi kabla ya kufika kwapani.

Mwili wa sweta hii hufumwa kwa mishono mirefu mitupu. Huo ndio mshono wenye urefu wa kutosha kuacha nafasi ndogo za hewa, na hauna mashimo makubwa ya kumlazimu mvaaji kutafuta vazi jingine la ndani.

Kipande cha majaribio

Hakuna hatua inayorukwa mara nyingi kama hii, wala hakuna inayoponza sweta nyingi zaidi. Kabla ya kuanza, mfumaji afume kipande cha mraba cha sentimita 15 kila upande kwa uzi na sindano ile ile atakayotumia. Akifue, akianike, kisha akitundike kwa vibanio siku nzima ili kivutwe na uzito wake chenyewe. Ndipo apime katikati, mbali na kingo: ni mishono mingapi katika sentimita 10, na ni mistari mingapi?

Vipimo vya makala haya vinategemea mishono 18 na mistari 9 katika sentimita 10. Kila kipande cha sweta, cha mbele na cha nyuma, kina mishono 90. Kwa mishono 18, upana ni sentimita 50, na mzunguko wa vazi ni sentimita 100, nafasi ya sentimita 8 zaidi ya kifua cha mvaaji. Mkono wa mfumaji ukiwa mlegevu, akapata mishono 16 badala ya 18, mishono ile ile 90 itatoa upana wa sentimita 56, na vazi litazidi sentimita 112. Akikaza uzi na kupata mishono 20, upana utakuwa sentimita 45, na sweta yenye mzunguko wa sentimita 90 haitamwenea mtu wa kifua cha 92. Mishono miwili tu ndiyo inayotenganisha vazi la dada na la mama mtu.

Aliyepata mishono michache kuliko 18 achukue sindano nyembamba zaidi, na aliyepata mingi achukue pana. Kujilazimisha kukaza au kulegeza mkono hakusaidii; baada ya mistari kumi mkono hurudia mazoea yake.

Kipande hicho kina kazi ya pili. Kikipimwa kwenye mizani ya jikoni, kinaonyesha uzi utakaohitajika. Eneo lake ni sentimita 225 za mraba. Sweta nzima, mikono na mapindo yakijumlishwa, ni kama sentimita 7,500 za mraba, yaani zaidi kidogo ya vipande 33. Kipande kikiwa na gramu 12, sweta itakuwa na gramu 400 hivi. Aonaye kwamba sweta yake itazidi gramu 500 bado ana muda wa kubadilisha uzi. Akisubiri hadi mikono, muda huo hana tena.

Nyuma na mbele

Kazi huanzia kwenye pindo la chini, ambalo hufumwa likiwa limelala ubavu. Kwa sindano ya milimita 3.5, mfumaji afume mnyororo wa vitanzi 10, arudi kwa mishono mifupi 9, na kuanzia hapo kila mstari apenyeze sindano katika uzi wa nyuma pekee wa kichwa cha mshono. Matokeo yake ni mkanda wenye matuta unaonyumbulika, wenye upana wa takriban sentimita 4. Uendelee hadi ufikie sentimita 46. Ufupi huo ni wa makusudi, kwani pindo linalolingana kabisa na mwili hupanuka kama mdomo wa kengele.

Kisha, kwenye ukingo mrefu wa mkanda huo, iokotwe mishono mifupi 90 kwa nafasi sawa. Njia rahisi ni kuugawa mkanda kwa pini katika sehemu tisa na kuokota mishono kumi katika kila sehemu. Sindano ya milimita 4 ishike zamu, na mwili uanze.

Kila mstari wa mishono mirefu huanza kwa mnyororo wa vitanzi 3, ambao huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Hapo ndipo penye mtego wa wanaoanza. Mwisho wa mstari, mshono wa 90 hufumwa juu ya mnyororo wa mstari uliotangulia, mahali ambapo jicho hupasahau kwa urahisi. Ukisahauliwa mara moja, mishono huwa 89. Ukisahauliwa mara kumi, kipande huwa kimechongoka kama hema. Afadhali kuhesabu kila mistari mitano kuliko kufumua ishirini.

Kipande cha nyuma hufumwa mistari 45 bila kupunguza kitu. Mistari miwili ya mwisho hufumwa mabegani tu: mishono 28 upande wa kulia na 28 upande wa kushoto, huku 34 ya katikati ikiachwa kuwa shingo ya nyuma. Jumla ni mistari 47, yaani sentimita 52, na pamoja na pindo sweta ina urefu wa sentimita 56. Kipande cha mbele hufanana na hicho hadi mstari wa 29.

Pale panapokatika shingo

Shingo ya V si jambo la kukisia kwa macho. Ni kutoa na kugawanya. Shingo ina upana wa mishono 34, kwa hiyo kila upande lazima upunguze nusu yake, mishono 17, kati ya mahali V inapoanzia na bega. Kina kilichochaguliwa ni sentimita 20, sawa na mistari 18. Basi ukipunguzwa mshono mmoja kila mstari kwa mistari 17, na mstari wa 18 ukafumwa bila kupunguza, hesabu inakamilika: 45 kutoa 17 ni 28, idadi ile ile ya bega la nyuma.

Katika mstari wa 30, basi, mfumaji afume mishono 42 ya kwanza, aunganishe miwili inayofuata iwe mmoja, afume mmoja wa mwisho, kisha ageuze kazi. Amebaki na 44. Kuunganisha ni hivi: mshono mrefu wa kwanza huachwa kabla ya hatua yake ya mwisho, wa pili vilevile, na uzi hupitishwa ndani ya vitanzi vyote vitatu vilivyo kwenye sindano. Mshono mmoja mzima huachwa ukingoni ili shingo iwe na mstari ulionyooka wa kuokotea pindo. Wanaopunguza ukingoni kabisa hupata ngazi badala ya mteremko.

Upande wa kwanza ukimalizika, uzi hukatwa na kuanzishwa upya kwenye mshono wa 46, na upande wa pili hufumwa uwe kivuli cha wa kwanza.

Kina cha sentimita 20 huishia sambamba na kwapa, na pindo la shingo litakipunguza kidogo. Wapo watakaoona V hiyo imeteremka mno, hasa kwa vazi la kanisani au la kazini. Wao wafume mistari 33 kabla ya kugawanya, wabakiwe na mistari 14, ambayo ni sentimita 15 na nusu. Mishono ya kupunguza ni 17 vilevile: katika mistari mitatu ya kwanza ipunguzwe miwili miwili, na katika 11 iliyosalia mmoja mmoja. Ncha itakuwa pana zaidi na shingo itatulia juu.

Mabega huunganishwa kwa mishono ya kuunganisha, mshono kwa mshono, 28 kwa 28. Mshono huo hauvutiki, na hilo ndilo linalotakiwa. Uzito wote wa sweta huning'inia hapo. Bega lililoshonwa kwa uzi uliolegea ndilo linaloifanya mikono irefuke kila sweta inapovaliwa.

Mikono na mapindo

Sweta hii haina tundu la kwapa lililochongwa. Bega hushuka kidogo kwenye mkono, mtindo ambao ni rahisi kwa mfumaji na wenye nafasi kwa mvaaji. Mikono huokotwa moja kwa moja mwilini kabla ya mbavu kushonwa: kutoka bega kwenda chini, mistari 18 ya mbele na 18 ya nyuma, mishono miwili kwenye ncha ya kila mstari. Hiyo ni mishono 72, na mzunguko wake ni sentimita 40.

Kila mstari wa tatu upunguzwe mshono mmoja katika kila ncha, mara nane, kisha ifumwe mistari mitatu ya mwisho bila kupunguza. Kwa mistari 27 mkono utakuwa na sentimita 30, ukiishia kati ya kiwiko na kifundo, na mishono 56 itakayobaki itatoa mzunguko wa sentimita 31. Mkono huo wa robo tatu si wa mapambo tu. Huokoa uzi na kupunguza uzito unaovuta mabega. Mwisho wake ufumwe mistari minne ya mishono mifupi kwa sindano ndogo, kisha mbavu na mikono ishonwe kwa pamoja kutoka pindo la chini hadi kwapani na kutoka kwapani hadi mwisho wa mkono.

Pindo la shingo ndilo huamua kama kazi itaonekana ya fundi. Kwa sindano ya milimita 3.5, kila mteremko wa V uokotwe mishono mifupi 40: miwili kwa kila mstari, na mitatu kwenye kila mstari wa nne. Nyuma iokotwe 34, na minne kwenye kila kando ya mistari miwili ya mabega. Mshono mmoja uwekwe kwenye ncha ya V na utiwe alama kwa uzi wa rangi nyingine. Jumla ni 123. Katika duru tatu zinazofuata, mshono wa ncha uunganishwe na jirani zake wawili, wa kulia na wa kushoto, mitatu iwe mmoja, na alama isogezwe juu. Duru ya mwisho itakuwa na mishono 117. Bila kupunguza huko, ncha haiwi V. Hugeuka kuwa mfuko unaochomoza kifuani. Na iwapo pindo litajikunja kuelekea nje baada ya duru ya kwanza, mishono imezidi. Shingo ikijikusanya kama gunia lililofungwa kamba, imepungua. Duru hiyo moja ifumuliwe, si zote nne.

Kufua na kuanika

Sweta iliyokwisha kufumwa bado haijakamilika. Ilowekwe katika maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, isuuzwe na ikamuliwe kwa kuviringishwa ndani ya taulo, si kwa kupindwa. Kisha ilazwe juu ya taulo kavu kivulini, ivutwe taratibu hadi ifikie vipimo vyake, sentimita 50 kwa 56, ncha ya V ikiwa katikati kabisa, na iachwe ikauke ikiwa imelala hivyo.

Kamba ya kuanikia nguo ndiyo adui mkubwa wa sweta ya kroshia. Pamba iliyolowa, ikitundikwa kwa mabega, huvutwa na maji yaliyomo na kurefuka kwa namna ambayo pasi hairekebishi. Kwa sababu iyo hiyo, kabatini ikunjwe wala isitundikwe kwenye hanga. Yenye akriliki isipigwe pasi kamwe: joto hulegeza uzi, na kitambaa kikalala kama kitambaa cha deki.

Thamani ya kazi

Tarakimu zilizotumika hapa zinaweza pia kumsaidia mfumaji katika kutaja bei. Vipande vya mbele na nyuma pamoja na mikono miwili vina zaidi ya mishono mirefu 11,000, mapindo yakiachwa kando. Mfumaji anayemaliza mishono 10 kwa dakika, bila kupumzika na bila kufumua, atatumia takriban saa 19. Ongeza mapindo, kushona mbavu, kuficha ncha za nyuzi na kufua, na kazi itavuka saa 25 kwa wepesi.

Wafumaji wengi hutoza bei ya uzi na kuongeza kidogo. Mteja naye hulinganisha bei hiyo na ya sweta ya mitumba, ambayo aghalabu ilifumwa na mashine na tayari ilikwisha kulipiwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Ulinganishaji huo hauna haki, lakini haulainishwi kwa malalamiko. Mfumaji anayeweza kumwonyesha mteja gharama ya uzi, idadi ya saa na kiasi anachodai kwa kila saa huwa na msingi wa kujadiliana. Akichukua malipo ya awali yanayotosha kununua uzi, na vipimo vya kifua, urefu na mkono vilivyoandikwa na kukubaliwa na pande zote mbili, hata mteja akibadilisha nia sweta haitakuwa imefumwa kwa pesa za chakula cha nyumbani.

Kipande cha majaribio kisitupwe. Kikihifadhiwa pamoja na lebo ya uzi na karatasi yenye idadi ya mishono, mteja wa pili anayetaka sweta kama ile ya jirani yake atapimwa, hesabu itabadilishwa, na kazi itaanza siku iyo hiyo.